Kumsifu Mtu Akiwa Anasikia

Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam ina madaraja mawili ya juu yenye majina ya watumishi wa umma. La Tazara lilizinduliwa Septemba 2018 na kupewa jina la Mhandisi Patrick Mfugale, ambaye wakati huo alikuwa Mtendaji Mkuu wa wakala wa barabara, TANROADS, yuko kazini na afya anayo. La Ubungo lilizinduliwa Februari 2021 na kupewa jina la Balozi Mhandisi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, aliyekuwa amefariki wiki moja tu kabla ya hapo. Mfugale aliishi na daraja lake karibu miaka mitatu, hadi mauti yalipomkuta Juni 2021. Kijazi la kwake hakuliona likiitwa kwa jina lake.

Anayeendesha gari kati ya madaraja hayo hana sababu ya kuona tofauti. Foleni ni ile ile, na makondakta wa daladala wanaendelea kuita "Tazara" na "Ubungo" kana kwamba hakuna aliyetunukiwa chochote. Lakini tofauti ipo, na ni kubwa. Anayempa jina la daraja mtu aliyefariki hajifungi kwa lolote, maana marehemu hataharibu tena. Anayempa jina hilo mtu aliye hai, kesho atakutana naye ofisini, ataona anavyosaini mikataba, na umma utakuwa unawatazama wote wawili.

Tanzania imezijaribu njia zote mbili. Uwanja wa Taifa, mradi wa zama za Rais Benjamin Mkapa ulioanza kutumika 2007, uliitwa kwa jina lake Julai 2020, wakati nchi ikimwomboleza. Ali Hassan Mwinyi, kwa upande wake, alikuwa na barabara yenye jina lake miaka mingi kabla ya kufariki Februari 2024. Sam Nujoma, rais wa kwanza wa Namibia, ambaye barabara yake inakutana na ya Mandela pale Ubungo, alifariki Februari 2025, barabara yenyewe ikiwa imeshapanuliwa na kuchakaa na kuzibwa mashimo mara nyingi. Kwa marais tumekuwa hatuoni tabu kutoa heshima mapema. Sura ya Mwalimu Nyerere ilikuwa kwenye sarafu tangu 1966, naye akiwa Ikulu.

Tabu iko huku chini, mahali ambapo hakuna daraja la kumpa mtu. Yupo mwenyekiti wa mtaa aliyesimama kidete kiwanja cha shule kisiuzwe. Yupo mzee wa kijiji kule Kenya aliyeamua ugomvi wa mipaka miaka nenda miaka rudi bila mshahara. Yupo sheha wa Unguja anayejua ni nyumba ipi ina mgonjwa na ipi haijapika tangu juzi. Yupo katibu wa kamati ya maji, ambaye pampu ikigoma usiku ndiye anayegongewa mlango. Hawa heshima yao huja siku moja, nao siku hiyo hawasikii. Wasifu wa marehemu husomwa kwa kipaza sauti chini ya turubai: alizaliwa, alisoma, alitumikia. Nusu ya waliokaa pale wanayasikia hayo kwa mara ya kwanza. Kisha watu wanasogea kwenye chakula wakiambiana, kumbe yule mzee alikuwa mtu mkubwa hivi!

Sababu si roho mbaya. Waswahili wa pwani wana mashaka ya siku nyingi kuhusu kumsifu mtu usoni, na mashaka hayo yana mizizi ya dini. Katika mapokezi ya Bukhari na Muslim kuna kisa cha mtu aliyemsifu mwenzake kupita kiasi mbele ya Mtume (S.A.W.), akaambiwa kwamba amemkata shingo sahibu yake. Ndiyo maana mzee wa Mombasa au Tanga akisifiwa hadharani huinamisha kichwa na kurudisha sifa kwa Mwenyezi Mungu haraka, kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto. Lakini upande wa pili wa mafundisho hayo hayo, kwa Abu Daud na Tirmidhi, imepokewa kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Na methali nazo zimejipanga pande mbili. Mcheza kwao hutuzwa, inasema moja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, inajibu nyingine.

Hii ya mgema tumeisoma vibaya, nadhani. Tumeifanya sababu ya kunyamaza. Walimu wakuu huitumia kueleza kwa nini hawampongezi mwalimu, na wazazi kueleza kwa nini hawamwambii mtoto kuwa amefanya vizuri. Methali yenyewe haikumkataza mtu kumsifu mgema. Inatuambia tu nini hutokea mnywaji anaposifu kisha akaacha kuonja. Tembo hutiwa maji pale mgema anapojua kuwa sifa ameshaipata na hakuna atakayeichukua, chungu kiwe na nini.

Kwa jicho hilo nimejaribu kuzitazama mila kadhaa zinazowaenzi viongozi wao wakiwa hai. Swali langu si nani hutoa zawadi kubwa au hucheza ngoma nzuri. Nataka kujua ni nani, baada ya kusifu, anaendelea kuonja.

Nianze na Waxhosa wa Afrika Kusini, kwa kuwa kwao suala hili lina mwenye kazi yake maalumu. Imbongi ni mshairi anayemtangulia mtawala hadharani, kwa desturi amevaa ngozi ya mnyama na kushika mkuki au fimbo, akitunga papo kwa papo kwa sauti ya kukwaruza, maneno yakifuatana bila pumzi. Haketi mezani kuandika. Anamwona chifu, anauona umati, anaujua mwaka ulivyokuwa, naye anafungua kinywa. Anataja ukoo, vita, mvua, ng'ombe. Kisha, katika pumzi hiyo hiyo, anataja kilichoharibika: chifu amekuwa mlevi, amewatupa wajane, amesikiliza wageni kuliko wazee. Mila inampa kinga. Mtawala anayekasirika mbele ya imbongi amejishushia hadhi mwenyewe, maana atakuwa amekiri kuwa neno limempata.

Aliyeipeleka kazi hiyo mbali kuliko wote ni S. E. K. Mqhayi, aliyeishi kati ya 1875 na 1945. Mwaka 1925, mrithi wa ufalme wa Uingereza alipotembelea Afrika Kusini, Mqhayi alimtungia shairi la kumlaki. Kwa sikio la haraka ni sifa tupu kwa mwana wa mfalme. Aliyetulia akasikiliza alipata kitu kingine kabisa: orodha ya vilivyoletwa na Uingereza, neema na mtutu wa bunduki vikiwa bega kwa bega, na swali la nani hasa kanufaika. Nelson Mandela, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1994, anasimulia jinsi Mqhayi alivyofika shuleni kwao Healdtown mwaka 1938 akasema mambo ambayo vijana wale hawakudhani Mwafrika angeweza kuyasema mbele ya mkuu wa shule mzungu. Somo la historia lilianguka pale jukwaani katika muda wa shairi moja.

Kisha kuna David Yali-Manisi (1926 hadi 1999). Alimsifu Kaiser Matanzima kama ilivyompasa mshairi kumsifu mtawala wake. Matanzima alipozidi kuifuata njia ya serikali ya kibaguzi, njia iliyoishia kwenye "uhuru" wa Transkei mwaka 1976, Manisi alijitenga naye. Na ni huyu huyu Manisi aliyechapisha shairi la kumsifu Mandela mwaka 1954, Mandela akiwa wakili kijana mwenye kesi na makatazo ya serikali, si baba wa taifa wa mtu yeyote. Sifa ilitangulia cheo kwa miaka 40. Kwangu hiyo ndiyo sifa yenye thamani: ilitolewa wakati mtoaji angeweza kuumia kwa kuitoa, na ilinyimwa mwingine wakati kuinyima kulikuwa na gharama.

Hatari ya mila hii inaonekana mara imbongi anapoanza kulipwa na ofisi ya anayesifiwa. Hapo kinywa hubaki na nusu moja tu ya kazi.

Na sisi? Pwani ilikuwa na kitu kinachokaribia hicho, ila kwetu kinga ya mshairi haikutoka kwa mila ya ikulu. Ilitoka kwa mshairi wa mji wa pili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, aliwapigania Wamazrui, watawala wa mji huo, kwa tungo, naye Zahidi Mngumi wa Lamu akaupigania mji wake. Kila sifa iliyotamkwa upande mmoja ilijua itapata jibu ng'ambo ya pili kwa jahazi lijalo. Ni vigumu kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa wakati unajua kuwa Lamu wanasikiliza.

Majibizano hayo yalififia. Mathias Mnyampala alipokuza ngonjera katika miaka ya 1960, alitupa ushairi wa watu wawili wanaobishana jukwaani, mmoja hajui na mwingine anajua, na mwishoni asiyejua huelimika. Ulikuwa ufundi mzuri wa kufundishia siasa ya Ujamaa. Lakini ubishi wake una mshindi kabla haujaanza, na wanafunzi wanaoghani ngonjera mbele ya mgeni rasmi hawakupewa ruhusa ya kumjibu.

Hata hivyo kuna mahali ule mkuki wa imbongi umejificha kwetu, na ni mahali ambapo hakuna anayeutafuta: kwenye risala. Risala ya wananchi kwa mgeni rasmi huwa na sehemu mbili. Kwanza mafanikio, ambapo kiongozi anamwagiwa sifa hadi anatabasamu. Kisha "changamoto", kwa sauti ya unyenyekevu: zahanati haina dawa, barabara haipitiki masika, fedha za darasa zilizoahidiwa mwaka juzi bado zinasubiriwa. Msomaji wa risala hakohoi wala hapandishi sauti. Umati unanyamaza kwa namna tofauti kidogo. Niwapo kwenye hafla za namna hii sisikilizi sehemu ya kwanza kabisa. Nasubiri ya pili, na kuangalia uso wa mheshimiwa.

Waasante wa Ghana wana jibu lao, nalo liko kwenye kiti. Mwaka 1985 Asantehene Otumfuo Opoku Ware II alianzisha cheo kipya cha nkosuohene, yaani chifu wa maendeleo. Anayepewa si lazima awe wa ukoo wa kitawala, wala si lazima awe mzaliwa wa mji. Anaweza kuwa mwalimu, daktari, mfanyabiashara aliyejenga zahanati, hata mgeni kutoka Ulaya au Marekani. Anavishwa kente, anapewa jina na kigoda chake. Cheo hicho kinamtaka aendelee. Zahanati aliyoijenga jana ndiyo iliyompeleka kwenye kigoda. Shule anayotarajiwa kuijenga kesho ndiyo itakayomweka hapo bila aibu.

Si kila mtu Ghana anakifurahia cheo hiki, nami nawaelewa. Miji mingine imekigeuza kuwa ndoano ya kuvulia wageni wenye fedha, na wageni wengine wamekigeuza kuwa picha ya kutundika sebuleni kwao. Ila chini ya cheo hiki kipya kuna msingi wa kale, na huo ndio unaonivutia. Chifu wa Kiasante anaposimikwa, wazee hawamwimbii sifa peke yake. Kupitia kwa msemaji wa kiti wanamsomea mambo wasiyoyataka: hatutaki uchoyo, hatutaki matusi, hatutaki asiyesikia ushauri, hatutaki mwenye kusema hana nafasi ya kutusikiliza. Kwa maneno yangu, lakini maana ndiyo hiyo. Yeye anaapa. Akivunja, utaratibu wa kumwondoa kitini upo na unajulikana kama ule wa kumweka: huvuliwa ndara, miguu yake ikagusa ardhi kama ya mtu mwingine yeyote. Wanaovishana joho leo wanajua tayari linavyovuliwa.

Waigbo wa Nigeria wanaigeuza hesabu nzima. Kwao cheo cha ozo hakiji kama zawadi. Anayeheshimiwa ndiye anayelipa. Hutoa mali nyingi, hulisha watu, na malipo yake hugawanywa kwa waliotangulia kupata cheo hicho. Akishakipata anafungwa na miiko: asiseme uongo, asifanye jambo la kuaibisha, awe mwamuzi anayeaminika. Wakikuyu nao walikuwa na njia ya kufanana na hiyo kwa mbali. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu watu wake, anaeleza jinsi mtu alivyopanda ngazi za baraza la wazee kwa kutoa mbuzi hatua kwa hatua. Kwa macho ya leo hili linanuka kama kununua uheshimiwa, na pale fedha za wizi zinapoingia ndivyo linavyokuwa hasa. Lakini lina akili moja ambayo hafla zetu hazina: mwenye kuheshimiwa ameweka mali yake rehani mbele ya majirani, na kuanguka kwake kutamgharimu.

Chinua Achebe, mtoto wa Waigbo hao hao, ambaye riwaya yake ya 1958 inaanza na aibu ya baba aliyekufa bila cheo, alikataa nishani ya taifa la Nigeria mara mbili, 2004 na 2011. Mara ya kwanza alitaja wazi hali ya jimbo lake la Anambra, lililokuwa limetekwa na magenge ya wanasiasa. Nilimwelewa kama mtu anayesema kwamba heshima ina pande mbili, na upande unaotoa nao unapimwa. Hili huwa tunalisahau. Tunauliza kama mzee anastahili tuzo, hatuulizi kama meza kuu inastahili kuitoa.

Waingereza nitawapitia haraka, kwa sababu mfumo wao unajulikana hadi kuchosha. Mfalme George wa Tano aliunda nishani ya Dola ya Uingereza mwaka 1917, na jina hilo la Dola bado limo, jambo lililomfanya mshairi Benjamin Zephaniah aikatae mwaka 2003. Chenye faida kwetu ni viwili. Kwanza, raia yeyote anaweza kumpendekeza jirani yake, na mwaka 2012 walirudisha medali ya ngazi ya chini kabisa mahsusi kwa watu wa mitaani: anayevusha watoto barabara, anayeendesha kituo cha chakula. Pili, kuna kamati ya kunyang'anya. Fred Goodwin, aliyepewa hadhi ya kuitwa "Sir" mwaka 2004 kwa huduma zake katika benki, alivuliwa mwaka 2012 baada ya benki aliyoiongoza kuanguka na kuokolewa kwa kodi za wananchi.

Mwaka huo huo wa 2012 yalifichuka maovu ya mtangazaji Jimmy Savile dhidi ya watoto. Naye alikuwa na hadhi hiyo hiyo, tangu 1990. Lakini alikuwa amefariki 2011, na jibu la wakubwa lilikuwa kwamba hadhi hiyo hukoma mtu anapokufa, kwa hiyo hakuna cha kuvua. Wanaotuambia tusubiri mtu afe ndipo tumheshimu, ili tuwe na uhakika, waitafakari hiyo. Kifo hakileti uhakika wowote. Kinachofanya ni kufunga mlango wa kumhoji.

Zipo nchi zilizojihami kwa njia ya marufuku. Marekani, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ofisa mmoja wa fedha aitwaye Spencer Clark aliiweka sura yake mwenyewe kwenye noti ya senti 5. Mwaka 1866 Bunge lao likapitisha sheria kwamba sura ya mtu aliye hai isionekane tena kwenye fedha za nchi. Kenya ilikwenda mbali zaidi, na ilikuwa na sababu. Wakati wa Daniel arap Moi jina lake lilikuwa kwenye chuo kikuu, kiwanja cha ndege cha Mombasa, uwanja wa michezo wa Kasarani, barabara za miji na shule zisizohesabika, na sura yake ilikuwa kwenye kila noti mfukoni. Mkenya alimlipa muuza mboga kwa Moi na kurudishiwa chenji kwa Moi. Katiba ya 2010, Ibara ya 231, ikasema noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote, awe hai au amekufa. Sarafu mpya za wanyama zikatoka Desemba 2018, noti mpya 2019. Hata hizo noti zilikwenda mahakamani, kwa kuwa jengo la mikutano la KICC lililochorwa linaonekana pamoja na sanamu ya Mzee Kenyatta iliyo mbele yake.

Naiona busara ya marufuku hiyo kwa fedha. Ikivutwa hadi kijijini inageuka kisingizio. Mwenyekiti wa kamati ya maji hana hatari ya kuwa Moi. Hatari yake ni kuchoka na kuacha.

Na akichoka, wakati mwingine huwa ni watu wa mbali ndio wanaomwona. Yacouba Sawadogo, mkulima wa Yatenga kaskazini mwa Burkina Faso, alianza miaka ya 1980 kuchimba mashimo ya zaï kiangazi, akiyajaza samadi ili mvua ya kwanza ikute ardhi iko tayari. Majirani walimwona mwendawazimu, na msitu alioupanda ulichomwa moto. Aliupanda tena. Alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018 na ya mazingira ya Umoja wa Mataifa mwaka 2020, na alifariki Desemba 2023. Katikati ya sifa hizo za dunia, mji wa Ouahigouya ulikuwa unapanuka na viwanja vinapimwa ndani ya msitu wake. Cheti kutoka Ulaya hakikumzuia mpima ardhi.

Wangari Maathai tunamjua vizuri zaidi, au tunadhani hivyo. Alianzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977. Mwaka 1989 alipopinga mnara wa ghorofa 60 kujengwa Uhuru Park, wabunge walimdhihaki bungeni. Mwaka 2004 akapata Nobeli ya Amani. Barabara ya Forest jijini Nairobi iliitwa kwa jina lake mwaka 2016, miaka mitano baada ya kifo chake. Kisa hiki huishia hapo kila kinaposimuliwa, kwa maana kwamba Kenya haikumthamini. Kuna kipande kinachoachwa. Watu wa jimbo la Tetu walimchagua kuwa mbunge wao mwaka 2002 kwa kura nyingi mno, na mwaka 2007, miaka mitatu tu baada ya Nobeli hiyo, wakamnyima kura.

Wengi huona aibu kukitaja. Mimi nakiona kuwa sehemu ya heshima yenyewe. Watu wa Tetu walimsifu, kisha wakaonja, kisha wakaamua kuwa mbunge waliyemtaka kwa barabara na maji yao ni mwingine. Wanaweza kuwa walikosea. Sina namna ya kuwahukumu. Ila walimtendea kama mtu aliye hai, mwenye kazi ya kukaguliwa, na Nobeli haikuwa kinga. Waliomdhihaki bungeni hawakumheshimu. Waliomnyima kura hawakumvunjia heshima, na wanaoyachanganya hayo mawili ndio wanaotutengenezea wabunge wa maisha.

Sasa nirudi kwenye kumbi zetu. Siku hizi hafla za kuwaenzi viongozi wa mitaa zimeongezeka, na hilo ni jema kuliko ukimya. Lakini ziangalieni zinavyopangwa. Mshereheshaji anaita. Anayeheshimiwa anatembea juu ya khanga zilizotandazwa na akina mama, anavishwa mgolole, anakabidhiwa mkuki, ngao na kigoda, hata kama kwao hakuna aliyewahi kushika mkuki. Cheti kinasainiwa na mkubwa kuliko yeye. Picha inapigwa na mgeni rasmi katikati, mwenye tuzo pembeni. Wale aliowatumikia wamekaa nyuma kabisa kwenye viti vya plastiki, kazi yao kupiga makofi. Kati ya vyote vilivyomo kwa Waxhosa, Waasante na Waigbo, tumechukua mavazi. Kiapo tumekiacha, orodha ya "hatutaki" tumeiacha, na mshairi mwenye kinga hakualikwa.

Mimi ningeihamisha shughuli hii kutoka ukumbi wa wilaya. Tanzania kila kijiji kina mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na humo husomwa taarifa ya mapato na matumizi. Humo ndimo heshima ya mwenyekiti, ya katibu wa maji, ya mkunga wa miaka 30 ingetolewa. Taarifa isomwe kwanza, iulizwe maswali, ijibiwe. Kisha asimame mtu mmoja aliyesaidiwa, si mkubwa, aseme ni nini hasa kilifanyika na mwaka gani. Asimame na mwingine aseme kinachodaiwa bado. Aliyetajwa ajibu kwa kinywa chake akitaka, halafu apewe alichoandaliwa, hata kama ni kitenge tu.

Najua pingamizi. Mtatuaibishia wazee wetu, watasema. Nani atakubali kuheshimiwa kwa namna hiyo? Baadhi hawatakubali, na kukataa kwao kutakuwa kumetuokolea kitenge. Wengine watasema vijijini mkutano mkuu wenyewe hauitishwi, na ukiitishwa taarifa haisomwi. Hilo ni kweli mahali pengi. Basi mwenyekiti asiyeitisha ameshajitoa kwenye orodha bila kusumbua mtu. Na pale unapoitishwa, maswali ya mapato yakichukua muda hadi jua likazama, heshima isogezwe mkutano ujao, miezi mitatu mbele.